Prosesa inaruka hadi digrii 69 nikifungua Chrome tu, imeungua?

Maswali ya wasomaji: safu ya kompyuta

Mwezi huu nafasi yote ya safu nawapa watu wa jambo moja, maana barua zake zimejaa na nyingi zimeandikwa na mtu ambaye ndo kwanza kamaliza kuunga mashine yake, badala ya kuifaidi anakaa kukodolea namba za joto mpaka usiku wa manane. Inaniuma kweli hii. Mtu kajinyima, kasubiri mzigo ufike, kafunga skrubu zote kwa mkono wake, afu raha yote inaliwa na kigrafu kinachoruka ruka pembeni ya skrini.

SWALI: Kaka salaam. Nimeunga PC yangu ya kwanza hapa Tabata, Ryzen 5 7600 kwenye madabodi ya B650, RAM 32, feni ni ile iliyokuja ndani ya boksi la prosesa. Inawaka poa, gemu zinacheza fresh. Shida ni joto. Ikiwa imekaa tu haina kazi iko 46, 48 hivi, nikifungua Chrome tu inaruka hadi 69, sekunde moja mbili inarudi 50, nikibofya kitu kingine inaruka tena 66. Saa nyingine hata sijagusa kitu inaruka yenyewe. Jamaa kaniambia nimepaka vibaya pesti, ile ya kupitishia joto kutoka kwenye prosesa, nikabandua hitisinki (kile kipande cha kupoozea) nikasafisha nikapaka upya, hamna mabadiliko. Mwingine anasema prosesa mbovu nirudishe dukani. Kaka nisaidie, hela yenyewe ni ya mkopo wa kikundi na silali vizuri. (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Mdogo wangu, lala usingizi. Prosesa yako nzima, na pesti uliipaka vizuri tangu ile mara ya kwanza. Ushahidi umeuandika mwenyewe, ni pale uliposema sekunde moja mbili inarudi 50. Hapo ndo penyewe. Kama pesti ingekuwa mbovu au hitisinki haijakaa sawa joto lingekosa pa kutokea, ungekuta hata ikiwa haina kazi iko juu sana, na ukiipa kazi ingepanda ikaganda huko huko, kushuka nako ingeshuka kwa kujivuta. Yako inapanda na kuporomoka papo hapo, maana yake njia ya kutolea joto iko wazi na hitisinki yenyewe bado ina uvuguvugu tu.

Sasa nikueleze kinachotokea mle ndani. Prosesa za siku hizi hazikai kwenye spidi moja. Usipogusa kitu, viini vingi vya hiyo 7600, yaani zile sehemu zake zinazofanya kazi (core), vinakuwa vimelala, umeme vinavyokula ni kiduchu. Ukibofya Chrome, Windows inataka kazi ifanyike sasa hivi, kiini kimoja kinaamshwa, kinapandishiwa volti, kinapelekwa mbio hadi karibu na gigahezi 5.1 ambayo ndo kilele cha prosesa hiyo, kinamaliza, kinarudi kulala. Zamani kidogo uamuzi wa kubadili spidi ulikuwa mikononi mwa Windows na ulichukua kama milisekunde 30. Ilipofika 2019, Ryzen 3000 zilipotoka na zikakutana na apdeti ya Mei ya Windows 10, AMD, watengenezaji wa Ryzen, walisema muda huo umeshuka hadi milisekunde 1 au 2. Yaani kidole hakijaachia mausi kiini kishafika juu. Ndo maana mashine yako mpya inaitika haraka kuliko ile ya zamani uliyoizoea, na ndo maana joto nalo linaruka vile, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Afu angalia udogo wa sehemu yenyewe. Kile kipande cha silikoni chenye viini kwenye Ryzen 7000 kina kama milimita za mraba 70 tu, na kiini kimoja pamoja na kashe yake ya L2, ile kumbukumbu ndogo ya pembeni yake, hakifiki milimita za mraba 4. Kiini hicho kikikimbia peke yake kinaweza kula wati kumi na kitu. Wati kumi na kitu, zote kwenye eneo la milimita 2 kwa 2, na vipimajoto vimefukiwa humo humo ndani, na namba unayoletewa ni ya pale palipo moto kuliko kote. Washa njiti ya kibiriti, kile kichwa kinafika mamia ya digrii palepale, lakini ichovye kwenye ndoo ya maji uone kama maji yatapata hata uvuguvugu. Ile 69 yako ni ya kichwa cha njiti. Ndoo ni hitisinki, kipande kizima cha aluminiamu ambacho kinataka dakika kadhaa za kazi nzito ndo kipate moto wa maana.

Na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo watu wanapopotezea hela. Hakuna hitisinki wala kipoozi cha maji cha bei yoyote kitakachouondoa mruko wa kwanza. Joto linaanzia kwenye silikoni, linapita kwenye ulehemu, linapita kwenye kifuniko cha shaba ambacho kwenye AM5, soketi ya prosesa yako, AMD wamekifanya kinene ili hitisinki za AM4, soketi iliyotangulia, ziendelee kuingia, linapita kwenye pesti, hapo ndo linafika kwenye kipoozi ulichonunua. Mruko wa sekunde moja unatokea kabla hata kipoozi hakijapata habari. Mtu anatoa laki nne ananunua cha maji, anafunga, anafungua Chrome, anakuta mruko uko pale pale, pengine umepungua digrii chache, anarudi kuniandikia barua.

Kuhusu kuruka hata kama hujagusa kitu, kumbuka hiyo Windows umeiweka majuzi. Siku za mwanzo inakuwa na shughuli nyingi sana nyuma ya pazia, inashusha apdeti, inaorodhesha mafaili yako ili utafutaji uwe wa haraka, antivairasi yake inapekua diski nzima, na zile programu za kuuzia gemu kila moja inajiapdeti kivyake. Kila kimoja kinaamsha kiini. Ukitaka kumjua mhusika fungua Task Manager, panga kwa kutumia safu ya CPU, kaa uangalie bila kugusa mausi, utawaona wanavyopokezana juu ya orodha. Baada ya siku kadhaa itapoa sana ila haitaisha kabisa, kompyuta iliyowashwa haikosi cha kufanya.

Kingine ni hiyo programu unayoangalizia joto, nayo ni kazi. Hili lilileta kelele dunia nzima Julai 2019 Ryzen 3000 zilipoingia sokoni, watu walikuwa wanaona volti na joto viko juu muda wote wakati mashine imekaa tu. AMD mwisho wa mwezi ule wakaeleza kwamba baadhi ya programu za kupimia zilikuwa zinavihoji viini mara nyingi mno kiasi kwamba haviwahi kulala, yaani kile kitendo cha kuangalia ndo kilikuwa kinaviamsha, wakatoa draiva mpya ya chipseti na wakabadilisha Ryzen Master yao isiwasumbue viini hivyo. Kwa hiyo usifungulie programu tatu za joto kwa pamoja, moja inatosha, na ukimaliza kuangalia ifunge.

Jambo la chumba nalo watu wanalisahau. Unasoma mtandaoni mtu wa Ulaya anasema yake ikikaa iko 35 unaanza kutetemeka, we hujui kwake kuna digrii 19. Tabata mwezi wa pili mchana chumba bila AC ni 31, 32, na hakuna feni inayoweza kushusha prosesa chini ya hewa inayoivuta. Toa joto la chumba kwanza ndo ulinganishe. 46 toa 31 ni 15, na hiyo kwa feni ya bure ya ndani ya boksi ni nzuri mno.

Kama bado roho haijatulia fanya kipimo kimoja cha kweli kweli kisha uachane nayo. Fungua HWiNFO, programu ya kusomea joto na spidi, weka kwenye sensors tu, washa Cinebench R23, programu ya kuikamua prosesa, ile ya viini vyote, iache dakika 10 nzima. Usiangalie namba ya juu kabisa, angalia mambo mawili, joto limetulia wapi dakika za mwisho, na spidi ya viini imebaki wapi. Hiyo 7600 imeandikwa wati 65 lakini kikomo chake halisi cha umeme kwenye soketi ni wati 88, na kikomo cha joto ni 95. Kwa feni ile ndogo kwenye chumba cha joto la Dar kugusa 90 au hata 95 kwenye Cinebench isikushtue, AMD wenyewe walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walisema wazi kwamba 95 kwenye kazi nzito ni sehemu ya muundo wake na haiidhuru. Spidi ndo shahidi. Ikibaki juu ya 4.5 uko vizuri sana. Ikiporomoka chini ya 3.8, ambayo ndo spidi ya msingi waliyoiahidi kwenye boksi, hapo sasa tuna la kuzungumza. Ukiwa kwenye gemu joto litakuwa chini ya hapo kwa mbali kwa sababu gemu haivikamui viini vyote namna ile.

Na tafadhali usiibandue tena hiyo hitisinki. Kila ukiibandua unajiongezea nafasi ya kuharibu kitu kizima, kwenye AM5 pini zote 1,718 ziko kwenye soketi ya madabodi, ukiingia kichwani kwamba labda prosesa nayo uitoe uikague, ukaiangusha kwa kona, pini zikipinda pale hakuna duka litakalokusikiliza.

SWALI: Asalaam aleikum ndugu mhariri. Mimi niko Likoni, Mombasa. Nimejengewa kompyuta ya kuhariri video za harusi, prosesa ni Intel Core i5-12400. Programu moja yaniambia 44, ya pili yaniambia 53, nikiingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijawaka, yaonyesha 56. Tena kwenye safu ya Maximum ipo 84 ambayo mimi kwa macho yangu sijaiona hata mara moja. Niamini ipi? (Mama Harusi, Likoni)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Zote zasema kweli, ila zaongelea vitu tofauti.

Kila kiini cha hiyo 12400 kina kipimajoto chake. Programu moja inakupa wastani wao au kiini kimoja tu, nyingine inakupa kile kilicho moto kuliko wote, na kuna programu zinazosoma kipimajoto cha madabodi ambacho kiko nje ya prosesa kabisa. Ya BIOS kuwa juu hilo huwashangaza wengi, mtu anasema mbona sijafungua chochote. Ukiwa ndani ya BIOS mbinu nyingi za kulaza viini zinakuwa bado hazijaanza kufanya kazi, Windows ndo inayozitumia vizuri, hivyo prosesa inakaa macho muda wote. Usiipime mashine kwa namba ya BIOS.

Ile 84 ni kumbukumbu. Safu ya Maximum inahifadhi namba ya juu kuliko zote tangu ulipoifungua hiyo programu, hata kama ilidumu kufumba na kufumbua, kwa mfano wakati Premiere au programu yoyote unayotumia inafunguka. Inabaki pale inakutisha siku nzima. Bonyeza kitufe cha kuanzisha upya hesabu, kwenye HWiNFO ni ile alama ya saa chini, kisha anza kutoa video yako ya harusi ya dakika 20 au 30, iache ifanye kazi mpaka katikati, ndo uangalie safu ya wastani. Hiyo ndo namba ya biashara yako. Vipimajoto vya Intel vinahesabu umbali uliobaki kufika kikomo, na kikomo cha 12400 ni digrii 100, kwa hiyo vinasema kweli zaidi karibu na juu kuliko huku chini kwenye arubaini, kubishana kati ya 44 na 53 wakati haina kazi ni kupoteza muda wako. Prosesa hiyo ikibusti, yaani ikipandisha spidi juu ya ile ya msingi, inaruhusiwa kufika wati 117, kwa feni ya kawaida ukiona 75 hadi 85 video inapotoka, endelea na kazi.

Ambacho ningekiangalia zaidi kwa mtu wa pwani ni vumbi. Mashine ikikaa karibu na dirisha la upande wa bahari, unyevu na chumvi vinagandisha vumbi kwenye mapezi ya hitisinki, linakuwa kama gundi. Jiwekee mazoea ya kulipiga brashi laini kabla halijashika, na keisi usiibane ukutani.

SWALI: Kijana, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Dodoma. Mwanangu kaniungia kompyuta mpya ya kuandikia, ni ya haraka, naipenda. Ila feni inanguruma inanyamaza, inanguruma inanyamaza, kila nikifungua faili. Usiku mama watoto anauliza kuna nini huko. Mwanangu anasema ni joto linaruka na ni kawaida. Kama ni kawaida mbona inanguruma? (Mwalimu mstaafu, Dodoma)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Mwanao amesema kweli, na wewe pia umeuliza kweli. Mruko wa joto ni wa kawaida, kelele siyo lazima. Feni imepangwa na kiwanda iitikie kila mruko, kwa hiyo joto likiruka kwa sekunde moja feni nayo inakurupuka, ikifika spidi joto limeshashuka zamani, inatulia, mnaanza upya. Haiharibu kitu ila inachosha masikio, na mtu akichoshwa na mashine yake hata kuandika anaacha, kwa hiyo mimi siichukulii kama jambo dogo.

Mwambie kijana akija aiwashe upya na kubonyeza Delete mfululizo mpaka aingie BIOS, atafute sehemu ya feni, kwenye ASUS wanaiita Q-Fan, Gigabyte wanaiita Smart Fan, MSI iko kwenye Hardware Monitor. Atakuta mstari wa grafu, chini joto, pembeni spidi ya feni. Afanye ule mstari uwe tambarare kuanzia chini kabisa mpaka digrii 65 au 70, feni ikizunguka asilimia 35 hadi 45 hivi, ajaribu mpaka apate pale ambapo wewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako huisikii. Kuanzia 70 ndo mstari upande, ufike asilimia 100 kwenye 85 au 90. Kwa mpangilio huo mruko wa 45 kwenda 64 feni haiujali kabisa, lakini kazi nzito ya kweli ikija feni itapanda kama inavyotakiwa.

Halafu, na hiki ndo wengi hawakigusi, atafute pale pale mahali pa kuchelewesha mwitikio. Kwenye baadhi ya madabodi kumeandikwa step up na step down, mengine wanaweka kwa digrii, yaani feni isibadilike mpaka joto libadilike kwa digrii kadhaa. Kupanda aweke ichelewe sekunde chache, kushuka ichelewe zaidi ili isiwe inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Hakuna hatari hapo, hitisinki ina nafasi ya kumeza joto la sekunde chache bila msaada wa feni, na ikitokea hata feni ikasimama kabisa prosesa inajipunguza spidi yenyewe, ikizidi inazima mashine. Ahifadhi kwa F10, mama watoto alale.

SWALI: Niaje kaka. Niko Nairobi, Umoja. Nimejenga mashine na Ryzen 7 7700X na kipoozi cha maji cha feni mbili, mpya kabisa. Niliambiwa joto kuruka ni kawaida so sikujali. Lakini yangu ikikaa tu ni 63, nikianzisha render (kutoa video au picha) inagonga 95 hapo hapo na inabaki hapo, na spidi inashuka mpaka 3.4. Watu wa mtandao wananiambia 95 ni kawaida kwa hizi Ryzen. Nikae nayo tu? (Kijana wa Umoja)

JIBU: Hapana, usikae nayo, na asante kwa kuandika kwa sababu barua yako inaonyesha upande wa pili wa haya yote niliyoyasema. 95 kweli ni kawaida kwa 7700X ikiwa inafanya kazi kubwa na spidi iko juu. Yako inafika 95 huku spidi iko 3.4 wakati spidi yake ya msingi ni 4.5. Hiyo ni prosesa inayojibana ili isiungue. Na 63 bila kazi, Nairobi, ambako chumba asubuhi hakifiki hata digrii 22, haiwezekani kama maji yanazunguka na kipoozi kimegusa vizuri.

Anza na rahisi. Washa mashine, ipe kazi dakika tano, afu shika radieta na mabomba yote mawili kwa mkono. Kama prosesa inasema 95 na radieta iko baridi, joto haliendi huko kabisa. Bomba moja likiwa la moto na jingine baridi, maji hayatembei, shuku pampu. Fuata waya wa pampu mpaka unapoingia kwenye madabodi, utakuta pengine umechomekwa mahali pa feni ya kawaida, na madabodi inaupunguzia umeme ikidhani ni feni, hamishia kwenye ile soketi ya pampu au ingia BIOS uiweke asilimia 100 muda wote, pampu haitakiwi kupandishwa na kushushwa kama feni. Hakikisha pia ule waya wa SATA, kama kipoozi chako kinao, umefika kwenye pawa saplai kweli. Kwenye BIOS pampu nzima inasoma mizunguko kwa dakika, mara nyingi elfu mbili na kitu, ukiona sifuri au mia chache umempata mwizi.

Kama pampu ni nzima, zima, chomoa umeme, fungua kile kichwa cha kipoozi. Jambo la kwanza kabisa kuangalia ni ile nailoni ya kuzuia michubuko chini ya kichwa, ile yenye maandishi ya kukuambia uitoe. Inasahaulika kuliko unavyofikiri, hasa ukiwa na haraka ya kuiona mashine inawaka kwa mara ya kwanza. Ikiwepo, ndo hiyo, itoe tu. Isipokuwepo angalia alama ya pesti, inatakiwa iwe imesambaa katikati yote ya kifuniko, ukiona upande mmoja imebanwa mpaka imekuwa nyembamba na upande mwingine ni bonge zima basi skrubu zilifungwa upande upande. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka pesti mpya katikati kiasi cha kutosha, afu funga skrubu kwa kupishana, kona hii kisha kona iliyo mkabala nayo, mizunguko miwili mitatu kila moja, usimalize moja ukaenda nyingine. Rudia render ile ile. Inaweza kugusa 90 bado, 7700X inaruhusiwa kula hadi wati 142 na inazitumia kweli, lakini spidi lazima uione iko juu ya 4.5 na radieta ikupe joto mkononi. Isipobadilika rudisha kipoozi dukani kikiwa bado na waranti.

SWALI: Kuna video nimeona mtu anasema ingia kwenye mpangilio wa umeme wa Windows uweke prosesa asilimia 99 badala ya 100, joto linatulia kabisa. Nimejaribu kweli limetulia, Ryzen 5 7600 pia. Kuna ubaya? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Ubaya upo, umeilipia prosesa ya gigahezi 5.1 unatumia ya 3.8. Ile asilimia 99 kwenye mashine nyingi inazima busti yote, ndo maana mruko umekufa. Kwa kompyuta ya kuandikia tu hutasikia sana, kwenye gemu utasikia. Irudishe 100. Kama unataka iwe ya ubaridi, labda chumba kina joto au umeme unauhesabu, ingia BIOS tafuta Eco Mode iwashe, hiyo inabana umeme wa viini vyote kwa pamoja lakini inakiachia kiini kimoja kiendelee kukimbia, gemu nyingi hutaona tofauti. Mruko wa kufungua Chrome utaendelea kuuona, huo uache.